Kidole cha Mwisho

Nimetoka Manyoni kwa treni ya usiku,
sampuli ya nta mkobani, imefungwa gazeti,
kipande kama sabuni ya mche,
rangi ya chai ya maziwa iliyosahauliwa mezani.
Dodoma, upepo ulishaamka kabla yangu.
Vumbi likanipokea stesheni kama shemeji,
likanishika uso mzima bila kuuliza.

Mnunuzi yuko ng'ambo, anatengeneza mishumaa.
Ameandika: magunia kumi na mawili, mama, hata kesho.
Ila tuma namba.
Nikamtumia ya simu.
Akacheka kwa maandishi.

Sasa niko dirisha la nne.
Kijana anaitwa Chilongani, kola imenyooshwa kwa pasi,
ananiita mama huku macho yako kwenye kompyuta.
"Asiye na namba haingizi wala hatoi.
Mzigo ukifika Ihumwa bila namba
ni yatima. Utalala uwanjani."
Nta hailali juani, mwanangu.
"Basi weka kidole."

Nikaweka.
Mashine kimya.
Kingine. Futa jasho. Bonyeza.
Ikasema, kwa herufi nyekundu, kwamba sipo.

Miaka ishirini na sita nakamua masega,
nachemsha, nachuja kwa kaniki,
naipua sufuria bila kitambaa.
Vidole vinateleza kama kokoto za korongoni.
Nilidhani nauza nta,
kumbe nayo ilikuwa ikinunua kitu kwangu,
kidogo kidogo, bila stakabadhi.

Nje, kwenye kivuli cha bango, bwana wa miwani ya jua:
"Njia ipo, mama. Kitu kidogo tu."
Nikamkumbuka babu wa babu yangu, Ndahani.
Misafara ilipokatiza Ugogo kwenda bara
watu wa pwani walitua mizigo kwenye kisima chake,
wakahesabu nguo, shanga, waya wa shaba,
wakalipa hongo mchana kweupe, ngoma ikilia.
Neno lilikuwa safi siku zile:
hongo, ushuru wa maji na njia.
Sijui lilipita wapi likachafuka,
hata leo linanong'onwa na mwenye miwani.
Sisi ndio tuliofungua njia.
Leo kitukuu anaiomba, na kidole hakisomeki.

Sikumpa.
Niseme kweli, si uadilifu peke yake:
nilikuwa na nauli, na chapati mbili.

Nikaomba majivu kwa mama lishe,
nikasugua mpaka ngozi ikawaka,
nikarudi dirishani.
Chilongani akainuka kitini,
ndipo kwa mara ya kwanza akaniona.
"Jaribu cha mwisho. Cha kushoto."
Kile kidogo, kisicho na kazi
ila kujitenga pembeni ninapokunywa uji.
Mashine ikalia kama kifaranga.

Nipo.

Karatasi ikatoka ina joto, tarakimu tisa.
Baba alikata masikio ya ng'ombe,
kila ukoo na mkato wake;
ng'ombe akipotelea Bahi, sikio lilimrudisha.
Basi na mimi nimekatwa sikio.
Halikuuma. Hilo ndilo lililonishangaza.

Jioni, kwenye behewa, naikariri.
Nimezaa mara tisa, hivyo nimewagawia:
Foibe kachukua nne, Mazoya saba,
mapacha wanagombania mbili, kama kawaida yao.
Namba ina sifuri mbili.
Hizo nimewapa wale wawili waliobaki nyuma ya kanisa,
ambao hakuna aliyewahi kuwaandika popote.

Nikamtumia mnunuzi, nikihakikisha kila tarakimu kwa kidole kile kile.
Hatujafika Kintinku, akajibu:
Asante sana, mama.
Sasa bado cheti.